Kumjua Ndege kwa Mwendo Wake

Jua likishapasha udongo wa mashamba ya Kitale, kwenye saa tatu au saa nne asubuhi, hewa ya moto huanza kupanda na ndege wakubwa hupanda nayo. Ukishika barabara kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, utawaona wakizunguka juu ya mahindi. Wasafiri wengi hutupa jicho, husema "mwewe," basi. Ninaowasifu hapa ni wale wanaosimama wakatazama.

Zamani msomi wa ndege alianza kwa bunduki. Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake Kitale mwaka 1926, alikuwa wa kizazi cha wakusanyaji, na hazina yake ndiyo iliyozaa makumbusho ya umma yaliyofunguliwa mjini humo mwaka 1974. Ndege aliyelazwa kwenye droo hana haraka: unampima bawa, unamgeuza, unamrudisha. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alichapisha kitabu kilichofundisha kwamba alama chache zinazoonekana kwa mbali zinatosha. Ndege akabaki hai, na mzigo wote ukahamia kwenye jicho.

Ni mzigo kweli. Jua likiwa nyuma ya ndege rangi zote hupotea, akabaki mweusi. Hapo unauliza umbo na mwendo. Mwewe ana mkia wenye panda, naye huupinda huku na huku bila kutulia, kama nahodha anayecheza na usukani. Lakini akiutandaza ili azunguke, panda hutoweka na ncha ya mkia hunyooka. Anayetegemea panda peke yake hapo humpoteza. Tai mwenye ushungi, yule anayekaa juu ya nguzo za umeme akivizia panya wa mashambani, akiruka ushungi wake haukusaidii kitu. Tazama madoa makubwa meupe karibu na ncha za mabawa, na mabawa yenyewe yaliyolala sawasawa: anapiga mapigo mafupi ya haraka, anateleza, anapiga tena. Kipanga mkubwa wa nyanda za juu, mwenye mkia mfupi mwekundu, huyainua mabawa yake kidogo anapoelea. Anayejua hayo humtaja hata akiwa kivuli tu.

Watoto wa vijijini huanza somo hili mapema, kwa sababu vifaranga viko uani na mwewe hangoji. Sidhani kuna darasa bora zaidi.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo fundi hujulikana kwa kunyamaza. Kati ya Oktoba na Machi, mwewe wetu wenye midomo ya njano huchanganyika na wageni kutoka Ulaya na Asia, wenye midomo myeusi. Mtu atadhani mdomo unamaliza kesi. La! Makinda ya mwewe wetu nayo yana mdomo mweusi, na kwa umbali wa shamba zima darubini nzuri haiwezi kuleta yakini ambayo mwanga haukuileta. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, mwewe hukusanyika kuwadaka hewani, wenyeji na wageni pamoja, kila mmoja akipinduka upande wake. Fundi huandika: mwewe, aina haikutambulika. Mstari huo naupenda kuliko orodha ndefu ya majina ya kujivunia. Unasema kiasi hasa cha kilichoonekana, na anayesoma daftari hilo miaka mingi baadaye anaweza kuyaamini majina mengine yaliyomo.

Wenzao wa pwani, wanaotoka Watamu kwa mashua hadi bahari kuu, wana shida kubwa zaidi. Hakuna nguzo wala mti wa kupimia ukubwa, chombo kinayumba, na ndege hupita mara moja kisha hufichwa na wimbi. Ila yule aliyejifunzia juu ya mahindi ya Kiminini hatakuwa mgeni huko. Majina atayaanza upya, lakini atauliza yaleyale: bawa limekakamaa au linakunjika? Anapiga mara ngapi kabla ya kuteleza? Anafuata mgongo wa wimbi, au anapita juu kwa mapigo mazito yasiyokoma? Na asipopata jibu, anajua la kuandika.