Lafudhi ya Kuazima: Uhakiki wa Albamu With Sympathy ya Bendi ya Ministry

Je, kazi ya awali ambayo mtunzi mwenyewe ameikana yastahili kuhakikiwa kama kazi kamili, au ihesabiwe kuwa jaribio tu? Swali hili lina uzito wa pekee huko Fizi na Baraka, Kivu ya Kusini, ambako msanii chipukizi huchagua lugha na lafudhi ya kuimbia hata kabla ya kuchagua ujumbe. Albamu With Sympathy ya bendi ya Ministry kutoka Chicago, Marekani, ni mfano unaofaa kulichunguzia swali hilo.

Albamu hii yenye nyimbo tisa ilitolewa na kampuni ya Arista mwaka 1983. Huko Ulaya iliitwa Work for Love. Kiongozi wa bendi, Al Jourgensen, alizaliwa Havana, Kuba, akakulia Marekani. Kwa upande wa fani, vinanda vya elektroniki ndivyo vinavyobeba mahadhi, na mapigo ni ya kuchezesha. Kwa upande wa maudhui, nyimbo kama "Revenge" na "Effigy" zimejaa uchungu, kisasi na kukataa kufanywa kikaragosi cha mwingine. Hivyo kuna mgongano kati ya mwili unaoalikwa kucheza na moyo unaolalamika.

Jambo lililowakera wengi ni lafudhi. Jourgensen anaimba kama Mwingereza, ilhali siye. Ikumbukwe kwamba wakati huo bendi za Uingereza zilitamba Marekani. Wimbo wa The Human League ulishika nafasi ya kwanza huko mwaka 1982. Lafudhi hiyo ilikuwa tiketi ya kuingilia sokoni.

Baadaye bendi iligeuka. Twitch (1986), The Land of Rape and Honey (1988) na Psalm 69 (1992) zilileta kishindo, magitaa makali na sauti ya kufoka. Kwa miaka mingi Jourgensen aliikana albamu ya kwanza, akidai kwamba kampuni ndiyo iliyomshurutisha. Wahakiki wengi waliifuata kauli hiyo.

Uhakiki wa namna hiyo una kasoro: unaifanya kauli ya mtunzi kuwa ushahidi badala ya kazi yenyewe. Twitch, iliyo nzito kuliko With Sympathy, bado imejengwa hasa kwa vinanda na mapigo ya mashine. Kwa hiyo uzito haukuletwa na gitaa. Ulichimbuliwa katika ala zilezile. Hasira nayo ilikwishakuwamo katika "Revenge", ila ilikuwa imevishwa nguo za dansi. Mwaka 2025 Ministry ilitoa The Squirrely Years Revisited, ambamo nyimbo za awali zimerekodiwa upya. Mtunzi mwenyewe ameuendea tena mlango alioufunga.

Hapa ndipo mfano huu unapogusa Fizi na Baraka. Mwimbaji wa huko aweza kuwa na Kibembe nyumbani, Kiswahili cha Kivu sokoni, na Lingala ya Kinshasa katika muziki wa bendi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Kiswahili cha Tanzania, ambacho wengi waliokimbia vita vya 1996 na kuishi katika makambi ya Kigoma, kama Nyarugusu, walirudi nacho. Kijana aimbaye kwa Lingala au kwa lafudhi ya Dar es Salaam huitwa mwigaji, na kanda zake za mwanzo hupuuzwa, hata na yeye mwenyewe pindi apatapo sauti yake.

Mhakiki hana budi kuuliza swali jingine: lafudhi ikiondolewa, kinabaki nini? Katika With Sympathy hubaki mapigo na uchungu, yaani vitu viwili ambavyo kazi zote za baadaye zimesimama juu yake. Kanda ya kijana wa Baraka nayo ipimwe kwa kipimo hicho kabla ya kutupwa. Wahenga walinena: mwanzo wa ngoma ni lele. Anayeidharau lele hataweza kueleza ngoma ilitoka wapi. Na katika nchi ambayo vita vimeteketeza mengi, kanda iliyopuuzwa leo huenda isipatikane tena.