Mkasi Kabla ya Sindano: Tahakiki ya Kitabu cha Lave na Wenger

Kitabu cha Jean Lave na Etienne Wenger kuhusu kujifunza kazini, kilichotolewa mwaka 1991, hutajwa mno na wataalamu wa elimu, aghalabu bila kukumbuka kwamba mhimili wake mmojawapo ni mafundi cherehani Waafrika, Wavai na Wagola wa Liberia.

Mwanagenzi wa huko huanzia mwishoni. Kwanza hutia vifungo, hukunja pindo na kupiga pasi, kisha hushona, kukata huja baadaye kabisa, kwani kosa la mkasi ni hasara ya kitambaa kizima. Hoja hii siipingi. (Kiswahili nacho kimemweka fundi na kufundisha katika shina moja.)

Lakini kitabu hicho hicho chawataja wanagenzi wakata nyama wa Marekani, waliowekwa penye mashine ya kufungia nyama, wasiweze kuwaona wakataji wenyewe. Ushiriki ulikuwapo; elimu ilikosekana. Ni nani apangaye mwanagenzi asimame wapi? Swali limeguswa, halikuchimbuliwa. Na shule waandishi wameiweka kando kwa makusudi.

Sisi tuwafunzao walimu wa Kiswahili hatuwezi kuiweka kando. Mwanafunzi wetu aendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hukabidhiwa darasa zima tangu juma la kwanza, na mwalimu mwenyeji, ambaye ndiye wa kutazamwa, hukihesabu kipindi hicho kuwa cha mapumziko. Ingefaa aanze kwa kusahihisha insha ubavuni pa mwenyeji wake, kisha afundishe sehemu ya kipindi. Andalio la somo, ambalo ndilo kitambaa chenyewe, alikate baadaye.