Okestra Isiyo na Kiongozi: Redio ya Taifa na Muziki wa Mara

BBC ilipounda okestra yake ya simfonia mwaka 1930, ilimkabidhi Adrian Boult, aliyeiongoza hadi mwaka 1950. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa redio, na kiongozi wao alijulikana kwa jina. Redio ya Tanzania haikuifuata njia hiyo. Okestra yake ilikuwa studio ya Dar es Salaam, kanda za magurudumu, na bendi zilizotoka mikoani.

Desemba 1962 Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wasomi walionea fahari dansi za Kizungu huku wakizipuuza ngoma zao. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ikawa chombo kikuu cha azma hiyo. Kutoka ukingo wa Ziwa Victoria zikaja Mara Jazz na Musoma Jazz, na gitaa zao zikasikika mbali kupita Bunda.

Hata hivyo, kwa kukosa kiongozi wa muziki, redio iliridhika kuhifadhi bila kuunganisha. Dansi ilipewa kipindi chake na ngoma za asili kipindi chao. Litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, na gitaa la Musoma, ingawa ni majirani, vilikaa katika makabati mawili. Hakuna aliyeyaagiza mashairi mapya yavikutanishe.

Visiwani ilikuwa vingine. Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, iliviketisha pamoja fidla, udi na kanuni, na msikilizaji wa taarab aghalabu huuliza kwanza: shairi hili la nani? Wimbo wa dansi hutangazwa kwa jina la bendi, na mtunzi wa maneno hupotea, ilhali maneno hayo nayo ni ushairi wa Kiswahili, uliotungwa na watu ambao wengi wao walizaliwa katika lugha nyingine.

Kanda hizo sasa ni urithi wa Shirika la Utangazaji Tanzania. Kuzihamishia katika kompyuta ni nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuyaandika maneno yake, kuwataja watunzi, na kuyahakiki kama diwani. Kanda ikiokolewa na mtunzi akasahauliwa, sauti itakuwa imepona nalo shairi limebaki yatima.