SRY: jinsi swichi ya korodani ilivyopatikana

Hadi wiki ya sita hivi ya mimba, tezi za uzazi za kiinitete cha binadamu hazijaamua zitakuwa nini: seli zilezile zaweza kujenga korodani au ovari. Tangu 1959 ilijulikana kuwa kromosomu Y ndiyo inayoleta korodani. Jeni yenyewe haikujulikana.

Njia ya kuipata ilitokana na wanaume wachache wenye kromosomu XX. Wengi wao wamebeba kipande kidogo cha Y kilichohamia kwenye X wakati baba alipotengeneza mbegu, na jeni inayotafutwa haina budi kuwa humo. Mwaka 1987 ilitajwa jeni ZFY, lakini miaka 2 baadaye walipatikana wanaume XX wasiokuwa nayo. Mwaka 1990 timu za Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge jijini London zilipekua kipande cha jozi za besi zipatazo 35,000 tu, zikaikuta SRY.

Hatua iliyofuata ilikuwa kukagua wakati na mahali jeni hiyo inapofanya kazi. Katika tezi za viinitete vya panya, RNA yake ilionekana kuanzia siku ya 10.5 ya mimba, ikafika kilele siku ya 11.5, kisha ikatoweka baada ya 12.5, yaani pale pale korodani inapoanza kujipanga. Viinitete vilivyokosa seli za kuzaa mbegu navyo vilikuwa na RNA hiyo. Kwa hiyo jeni huwaka katika seli za tezi yenyewe, zile zinazogeuka kuwa seli za Sertoli.

Jaribio la kukata shauri lilitangazwa mwaka 1991. Kipande cha DNA chenye jozi za besi 14,000, kilichobeba Sry (ndivyo jeni hiyo inavyoandikwa kwa panya), kilidungwa katika mayai ya panya yaliyorutubishwa. Baadhi ya panya XX waliozaliwa walikuwa madume wenye korodani, ingawa tasa, kwa sababu seli za mbegu zenye X mbili hazikomai.

Muda mfupi wa Sry unatosha kwa kuwa protini yake huiamsha jeni nyingine, Sox9, ambayo baadaye hujiendesha yenyewe. Chini ya Sox9 seli za Sertoli hutoa homoni ya kuzuia mji wa mimba usiumbike, na jirani zao, seli za Leydig, huanza kutoa testosteroni.