LM317: Mguu Usiokuwepo

Mguu wa ethi haupo. Hilo ndilo la kwanza kutazama katika mchoro wa LM317, reguleta ya volti aliyoibuni Bob Dobkin huko National Semiconductor, Marekani, miaka ya 1970. Reguleta ya 7805 nayo ina miguu mitatu: umeme huingia, hutoka, na mguu wa tatu hufungwa kwenye ethi. Wa LM317 ni wa kurekebishia. Chipu yenyewe haijui ethi iko wapi.

Inachojua ni kushikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na huo wa kurekebishia, basi. Ukiunga hapo rezista ya omu 240, hupita miliampea 5 na ushei. Mkondo huohuo huteremka hadi ethi kupitia rezista ya pili, na volti zinazojengeka humo huiinua chipu nzima. Weka omu 720 chini, utapata volti 5. Hapa fani na maudhui havitengani: mwenye kuutazama mchoro ameshaiona hesabu.

Hata hiyo 1.25 ina umbo lake. Volti ya transista hushuka kadiri joto linavyopanda, takriban milivolti 2 kwa kila digrii. Tofauti ya volti kati ya transista mbili zenye msongamano tofauti wa mkondo hupanda. Zikijumlishwa kwa uwiano sahihi, kasoro ya moja hufuta ya nyingine, na jumla hubaki hiyo 1.25.

Ila ufupi huu una deni. Umeme unaoendesha chipu yenyewe, kwa kukosa njia ya ethi, hutokea mguu wa kutoa. Usipopata wa kuupokea, volti hupanda. Hati ya kiwanda inasema LM317 inaweza kudai hadi miliampea 10, kwa hiyo omu 240 haitoi uhakika. Namba hiyo inaifaa LM117, toleo la daraja la juu linalotosheka na 5, lakini mafundi huinakili tu. Mimi naliita kosa la usomaji. Omu 120 juu na 360 chini humaliza ubishi, tena hupunguza kwa nusu kosa linaloletwa na mikroampea 50 zinazovuja kwenye mguu wa kurekebishia.

Kwa betri ya litiamu ya volti 3.7, usiitarajie LM317 itoe 3.3. Hutaka karibu volti 2 juu ya inachotoa, na hapo ustadi wote wa mchoro hausaidii kitu.