Kidomo na Msasa: Pale Mng'aro Unapoiua Sauti

Katika uhakiki wa mashairi ya Kiswahili ni sifa chache zilizozoeleka kama ile ya kusema kwamba shairi "limepigwa msasa". Sifa hiyo hutolewa kwa wepesi, na aghalabu huwa ndiyo hukumu ya mwisho. Msasa, hata hivyo, kwa asili si karatasi ya dukani wala si tamathali ya washairi. Ni mti, na majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka. Maseremala wa zamani waliyatumia majani hayo kulainishia mbao. Karatasi ikaja ikarithi jina la mti, kisha wahakiki wakalirithi kutoka kwa maseremala. Katika urithi huo wa pili limepotea jambo ambalo seremala halisahau: msasa hauongezi kitu. Kazi yake ni kuondoa, na kilichoondoka hakirudi. Anayesifu msasa bila ya kuuliza umeondoa nini amelisifu vumbi lililoanguka chini ya meza.

Iko kazi moja ya ufundi ambamo swali hilo haliepukiki, nayo ni kumalizia kidomo cha ala ya kupuliza, yaani ile sehemu inayokutana na midomo ya mpigaji na inayoigeuza pumzi kuwa sauti. Mguu wa kitanda ukizidishiwa msasa huwa mwembamba kidogo, na basi. Kidomo kikizidishiwa msasa hunyamaza.

Ala ya pwani inayolionyesha jambo hili vizuri ni zumari. Mwili wake ni mti uliotobolewa, na juu yake huchomekwa kibomba chembamba cha madini. Kwenye kibomba hufungwa kwa uzi ulimi wa jani lililokaushwa, la jamii ya mnazi na mvumo, na chini ya ulimi hukaa kisahani ambacho midomo ya mpigaji hukiegemea. Mpigaji huuingiza ulimi wote kinywani, akayajaza mashavu, akavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma. Ndiyo maana sauti ya zumari haikatiki. Kisahani hutaka ulaini kamili, kwani ukingo wenye kukwaruza hauvumiliki kwa ngoma ya usiku kucha. Ulimi hautaki hivyo. Ukiachwa mnene hauchezi, ukiparwa kupita kiasi hufumba. Basi katika kitu kisichozidi urefu wa kidole zimo sheria mbili za umaliziaji, na fundi asiyezitenganisha huharibu zumari zima.

Sheria hizo huonekana wazi zaidi katika kidomo cha klarineti, kwa kuwa mafundi wake wamezipima. Zamani kidomo hicho kilichongwa kwa mti, lakini mti hunywa unyevu wa pumzi ukapindika. Baada ya mpira mgumu uitwao ebonaiti kugunduliwa katikati ya karne ya 19, vidomo vingi vimekuwa vya ebonaiti hadi leo. Upande mmoja wa kidomo kuna uwanja bapa, na hapo hulazwa ulimi wa tete. Kutoka uwanja huo kingo mbili nyembamba huinama polepole kuelekea nchani, zikaacha mwanya kati ya ncha ya kidomo na ncha ya ulimi. Mwanya huo kwa kawaida ni kama milimita moja tu. Ukiongezeka au ukipungua kwa sehemu chache za mia za milimita, mpigaji hodari huhisi mara moja: pumzi imekuwa nzito, au sauti imekuwa nyembamba na kali.

Fundi hulaza msasa juu ya kioo bapa, akakipitisha kidomo juu yake kwa mkono mwepesi, kwanza msasa wa chembe kubwa, kisha wa chembe ndogo, na ndogo zaidi. Kila baada ya mapito machache husimama. Hupima mwinamo kwa vipande vya bati vyembamba kuliko unywele, hufunga ulimi, hupuliza, husikiliza, kisha ndipo hurudi kazini. Mwili wa nje wa kidomo, mahali panapokaa meno na midomo, hung'arishwa kwa kitambaa na unga laini hadi ukameremeta kama wino. Hata hapo kuna hadhari, kwa sababu gurudumu la kung'arishia likizidi kasi huitia ebonaiti joto, ikatoa harufu ya kiberiti na kubadilika rangi. Ama zile kingo mbili na ncha, hazing'arishwi kwa kitambaa kamwe. Kitambaa huviringisha kona, na kona iliyoviringika haiikati pumzi sawasawa. Kidomo cha namna hiyo hupendeza sana kwenye kabati la duka, na mnunuzi asiyejua hukichagua mbele ya vingine. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo.

Habari hii inaihusu Tanzania kwa njia ya pili, nayo ni mpingo. Mti huo wa nyika kavu, mweusi na mzito hata ukatupwa majini ukazama, ndio uliofanya miili ya klarineti na obo za dunia tangu karne ya 19. Hukua taratibu mno. Huchukua miongo mingi hadi gogo lake lifae kwa ala. Huku nyumbani hukatwa na kupasuliwa vipande, na ncha zake hupakwa nta ili zisipasuke. Hukerezwa, hutobolewa na kumaliziwa Ulaya na kwingineko. Juhudi za kuulinda zipo. Mwaka 1996 Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro na James Harris wa Marekani walianzisha mradi wa kuupanda upya, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Hata hivyo neno la ufundi limebaki lile lile. Gogo ni la mmoja na umaliziaji ni wa mwingine, na aliyeshika tupa ya mwisho ndiye anayeamua sauti.

Katika fasihi ya Kiswahili tupa ya mwisho kwa muda mrefu imeshikwa na sikio la pwani. Hilo si kosa. Sikio hilo ndilo lililolea vina na mizani kwa karne nyingi. Lakini linapopokea sanaa iliyozaliwa katika lugha nyingine ya nchi, swali la fundi wa vidomo hulikabili: kipi kilainishwe, na kipi kiachwe na makali yake? Mfano wa kulipima swali hilo uko mbali na bahari, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Wilaya hizo mbili zimekaa juu ya Bonde la Ufa, Mbulu kwenye uwanda wake wa juu, na Hanang chini ya mlima wenye jina hilo uliopanda mita zipatazo 3,420. Wairaqw wanaoishi huko husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, na hasa Wabarabaig wa Hanang, husema lugha ya Kinailoti. Hakuna kati ya hizo mbili iliyo ndugu wa Kiswahili. Hata hivyo ufundi wa kumalizia unajulikana huko kama unavyojulikana pwani: wahunzi wa Kidatoga huyeyusha shaba, wakaifua na kuichonga kuwa bangili, wakajua ni wapi pa kusugua mpaka pang'are na ni wapi pa kuacha mistari ya nakshi isimame.

Wairaqw wana sanaa ya maneno iitwayo slufay. Ni sala na shairi kwa pamoja. Mzee husimama mbele ya watu akaomba baraka kwa maneno ya mafumbo, nao waliokusanyika humwitikia. Humwomba Lo'a, ambaye kwa Wairaqw ni mungu wa kike, mwenye kuhusishwa na jua na mvua; hutaka pia kinga dhidi ya neetlangw, roho wa ardhini na majini. Herufi mbili za kwanza za neno slufay ni alama ya sauti isiyokuwamo katika Kiswahili: ncha ya ulimi hugusa juu ya meno, na pumzi hupita ubavuni mwa ulimi kwa mkwaruzo. Yaani pumzi haitoki mbele, hutoka kando, kama inavyoingia kando katika siwa za Pate na Lamu, ambazo tundu lake la kupulizia liko ubavuni. Zimo pia sauti za koromeoni, jamaa ya ayn ambayo kila mtoto wa pwani aliyepita chuoni ameifundishwa. Katika lugha hii kinywa chenyewe ndicho kidomo, na makali yake yamo katika sauti hizo.

Wataalamu wamekwisha kuiweka lugha hii katika maandishi kwa uangalifu. Maarten Mous alitoa sarufi yake mwaka 1993, na mwaka 2002 yeye, Martha Qorro na Roland Kießling wakatoa kamusi. Lakini vitabu hivyo ni vya Kiingereza. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili ataikuta slufay pale tu itakapotiwa katika lugha yake, na hapo ndipo msasa huanza kupita.

Pito la kwanza huondoa kiitikio. Kwenye ukurasa sauti ya umma huonekana kama marudio yasiyo na kazi, na mhariri huifuta ili shairi litiririke. Kinachobaki ni mtu mmoja akisema peke yake, hali baraka ya slufay haikuwa ya mtu mmoja. Ilikamilika kwa wale walioitikia. Pito la pili huingiza mizani. Slufay haikutungwa kwa kuhesabu silabi nane kwa nane, na kuitia humo hulazimisha maneno ya kujazia mahali ambapo mzee alinyamaza. Pito la tatu ndilo jepesi kuliko yote na ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote: Lo'a hugeuzwa Mola, na neetlangw hugeuzwa majini. Kiiraqw hutenga uke na uume katika sarufi yake, Kiswahili hakitengi. Mfasiri asipofanya juhudi ya kulitaja jambo hilo waziwazi, mama anayeombwa huyeyuka ndani ya kiambishi "a-", na msomaji hatajua kwamba alikuwako. Baada ya mapito hayo matatu shairi huwa limemeremeta. Kona zake zote zimeviringika.

Si haki, hata hivyo, kuuhukumu msasa wenyewe. Kiswahili kimeishi kwa kulainisha. Maneno kama elimu, akili na arusi yaliingia yakiwa na ayn, na leo hakuna mshairi anayeililia. Ulaini huo ndio uliowawezesha watu wa makabila mengi kuyaimba. Wala mgawanyo si wa pwani na bara. Kitabu kilichoandika wazi sheria za vina na mizani, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954 kwa kalamu ya Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Kichomi mwaka 1974 akaziacha sheria hizo, waliomfuata hawakuwa wote mafundi. Wengine walidhani kuacha vina kwatosha, wakaleta gogo lenye magome wakaliita klarineti. Kidomo kisichomaliziwa huchana midomo, na shairi lisilomaliziwa humchosha msomaji bila ya kumpa sababu ya kuvumilia. Kumtetea mzee wa Mbulu kwa Kiswahili kibovu ni kumdharau mara mbili.

Kwa hiyo tofauti inayotakiwa katika uhakiki ni ile ya fundi: kati ya mahali panapogusa midomo na mahali panapokata pumzi. Sintaksia ya Kiswahili, mnyumbuliko wa vitenzi na upatanisho wa ngeli ndivyo kisahani cha zumari. Hapo ulaini ni wajibu, na mfasiri hana udhuru. Majina ya wanaoombwa, kiitikio cha umma, vituo vya pumzi na mafumbo yasiyokuwa na mwenzake pwani ndivyo kingo na ncha; hapo msasa usipite, na ugumu uachwe uwe ugumu. Msomaji wa pwani anayekariri beti zenye maneno ya Kingozi yaliyokwisha kufa hawezi kudai kwamba jina Lo'a linamshinda.

Liko jambo moja zaidi katika karakana ya vidomo ambalo majarida na wachapishaji wa mashairi wangeweza kulichukua bila ya gharama kubwa. Fundi hapitishi msasa mara mia kisha akapuliza mara moja mwishoni. Hupuliza kila baada ya mapito machache, na mwenye kuamua ni mpigaji. Tafsiri ya slufay inayokwenda moja kwa moja kutoka mezani kwa mfasiri hadi mtamboni haikupulizwa na mtu. Ingesomwa kwanza kwa sauti huko Mbulu, mbele ya wazee wanaoijua na vijana wanaokijua Kiswahili sawasawa na Kiiraqw, kabla ya rasimu ya pili na tena kabla ya ile ya tatu. Wakiitikia mahali pa kuitikia, shairi limekuwa tayari. Wakinyamaza, mhariri atajua ni kona ipi imeviringika, maadamu bado kuna kitu cha kurekebisha.