Heko, Mwalimu wa Kidato cha Kwanza

Katika shule nyingi za serikali Tanzania Bara, mtoto husoma karibu kila somo kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi. Akiingia kidato cha kwanza, anakuta baiolojia, historia na hisabati zimegeuka Kiingereza. Anayempokea ni mwalimu wa Kiingereza, na huyo ndiye ninayempa heko.

Kozi ya matayarisho ya Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza ni fupi mno. Kazi yenyewe ni ya mwaka mzima. Mwalimu hodari haanzi na kanuni za sarufi. Anawaacha wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili kwa nini mmea hupinda kufuata mwanga. Wakishaelewana, anaandika ubaoni vianzio vya sentensi, nao wawili wawili wanaijenga hoja ileile kwa Kiingereza. Anayekosea hachekwi: mwalimu anairudia sentensi yake ikiwa sahihi, somo linasonga. (Kuwavisha watoto kibao shingoni kwa kusema Kiswahili hana haja nako.) Jioni, lundo la madaftari linamsubiri.

Muhula wa pili mikono inanyooshwa kwenye fizikia, na mwalimu wa fizikia anadhani ni ufundi wake.